Samli Ndani ya Gramafoni

Tik.

Ulikuwa mlio mdogo, lakini uliniamsha kama mtu aliyemwagiwa maji. Nje kulikuwa bado giza. Hata jogoo wa jirani yetu Karugendo alikuwa hajawika. Nililala macho wazi, nimeuma pembe ya blanketi, maana mlio ule niliujua. Ni kitasa cha sanduku la gramafoni kule sebuleni, na mtu pekee katika nyumba yetu aliyekuwa na ruhusa ya kukifungua alikuwa baba yangu, Tata.

Na ndani ya sanduku lile kulikuwa na pengo.

Siku nane kabla ya alfajiri ile, nilikuwa nimelegeza skrubu moja kwa ncha ya kisu, nikatoa kile kichwa kinachoshika sindano, kitu cha mviringo kinachojaa kiganjani kama saa ya mfukoni. Nilikifunga katika leso ya marehemu mama, nikakificha chini ya ndizi mbivu kikapuni, nikapanda basi kukipeleka Bukoba kwa Lukmani. Nilijua Tata hufungua sanduku mara moja tu kwa mwezi, Ijumaa ya kwanza akitoka misa, kulipaka samli. Leo ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nimehesabu siku zangu vizuri, na hesabu yangu ilikuwa imekosea.

Nilisikia hendeli ikizungushwa polepole. Krr, krr, krr. Halafu ikateleza, kama ilivyokuwa ikiteleza tangu wiki aliyofariki mama. Kimya. Nilitaka kusikia kifuniko kikifungwa, na nilitaka kisifungwe. Kama taa yake ilikuwa imeteremshwa utambi, huenda hakuona kitu. Kama ilikuwa imepandishwa, ameona.

Kifuniko kilifungwa. Miguu yake ikapita mlangoni kwangu, ikasimama kidogo, ikaenda zake.

Tata hakuwa mtu wa kupiga. Ningekuwa binti wa mtu wa kupiga, ningeogopa mara moja, nikapigwa, nikalia, yakaisha. Tata alikuwa mtu wa kunyamaza. Alimnyamazia ndugu yake miaka sita kwa ajili ya mpaka wa migomba, na ndugu yule alizikwa bila ya kusikia tena sauti yake. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mama nilikuwa sina, na sauti ya Tata ndiyo iliyokuwa imebaki.

Kulipopambazuka nilimpelekea uji barazani, nikapiga magoti kumwamkia.

"Kampire waitu, Tata."

"Kampire." Hakunitazama. Alikuwa akitazama kahawa zilizoanikwa uwanjani. "Leo naenda Ngenge kwa Byabato. Samli imekwisha."

"Ijumaa ya kwanza bado, Tata."

"Najua tarehe, Klaudia."

Nilitazama mikono yake ili nijue. Ilikuwa imetulia juu ya kikombe. Haikuniambia kitu.

"Utarudi leo?"

"Kesho. Kama lori litapatikana." Akainuka, akachukua fimbo yake na kibuyu kitupu cha samli. Alipofika chini ya migomba aligeuka. "Umelala vizuri?"

"Nimelala, Tata."

"Haya," akasema, na akaondoka.

Hilo "haya" lilinikaa kifuani asubuhi nzima kama mfupa wa samaki.

Mwaka ulikuwa wa sabini na nne. Kamachumu yetu sukari ilikuwa ya foleni, mafuta ya taa ya foleni, na mtu aliyekuwa na sabuni alimkatia jirani kipande. Watu walikuwa wema kwa vitu vidogo, kwa kuwa vikubwa havikuwepo.

Bibi yangu Kokwijuka, mama yake Tata, alikuwa haoni tena isipokuwa mwanga na kivuli. Kwa ajili yake ndiyo nilifanya nililolifanya. Jioni moja alinishika mkono akasema, "Mjukuu wangu, kabla sijaenda nataka nisikie tena ile santuri ya mama yako. Ile yenye karatasi nyekundu. Celina akiifungulia, hata mimi miguu ilikuwa haiumi." Nilimwambia imeharibika. Akasema, "Si kuna mtu Bukoba anayetengeneza?" Akatabasamu upande, kama asiyejua jina la mtu huyo.

Alilijua. Kila mtu nyumbani alilijua, na Tata alikuwa amekataza lisitajwe.

Lukmani alikuwa fundi wa gramafoni, na zaidi ya fundi. Alizikusanya. Kibanda chake karibu na soko la Bukoba kilikuwa na kumi na moja, nyingine za sanduku, nyingine zenye tarumbeta kubwa kama ua la boga, zote zimetoka kwenye nyumba za watu waliozisahau darini chini ya mavi ya popo. Alizifungua, akaziosha, akazirudishia uhai, kisha hakutaka kuziuza. Mama yake, Bi Mastura, alimwambia mbele yangu, "Utamlaza wapi mke, mwanangu, ndani ya tarumbeta?"

Lakini siku ya kwanza alipofika kwetu, alifanya kosa. Alisikia kwamba kwa mzee Mutembei kuna gramafoni nzuri iliyonyamaza, na kwamba mama wa nyumba amefariki. Kwao matanga huanuliwa siku ya tatu. Akangoja siku tatu, akaongeza moja kwa heshima, akaja. Kwetu ilikuwa bado. Nyasi za msiba zilikuwa bado ziko sakafuni, na shangazi zangu wamelala juu yake. Akasimama mlangoni akauliza kwa adabu kama gramafoni inauzwa.

Tata alimwambia neno moja tu: "Toka." Mwaka mmoja baadaye, Lukmani na mimi tulipokwisha kupendana na yeye akamtuma mzee wa kwao kuja kuniposa, Tata alijibu maneno mengi zaidi. "Mtu wa dini nyingine ningeweza kukaa naye nikazungumza. Lakini huyu anazunguka nyumba za wafu akinunua vitu vyao. Mguu wake ukikanyaga tena uwanja wangu, Klaudia, siku hiyo hiyo nakupeleka Ngenge kwa shangazi yako, na utakaa huko mpaka nikupatie mume. Na mimi utakuwa umeniona mara ya mwisho."

Basi tulipatana hivi: Lukmani atengeneze kichwa, akitume kwa basi la Jumanne, konda anipe mkononi pale kituoni. Yeye mwenyewe asije.

Saa sita basi lilisimama. Konda alinitazama, akacheka, akasogea pembeni. Nyuma yake akashuka Lukmani, kanzu ameikunja mkononi, amevaa shati la kazi, na mfuko wa vyombo begani.

Nilimsogelea haraka.

"Rudi ndani ya basi," nikamwambia.

"Shikamoo haipo, hujambo haipo?"

"Lukmani, panda basi. Nipe kichwa, upande."

"Kichwa kimepona," alisema taratibu. "Kile kigamba chembamba cha ndani kinachotoa sauti kilikuwa kimepasuka, nimekata kingine kutoka kwenye pasi ya umeme iliyoungua. Lakini uliniambia hendeli ikizungushwa inateleza. Hiyo ni springi. Kichwa peke yake hakitaimba, Klaudia. Nikutumie kitu ambacho najua hakitaimba?"

"Tata alifungua sanduku alfajiri."

Akanikazia macho. "Aliona?"

"Sijui. Ameenda Ngenge. Sijui kama aliona."

"Anarudi lini?"

"Kesho."

"Basi nina saa tatu. Nafunga springi, nakunywa maji, naondoka na basi la jioni. Asipojua, Bibi yako amesikia wimbo wake. Akijua..."

"Akijua, mimi na wewe ndiyo mwisho. Unaelewa? Ndiyo mwisho."

"Naelewa," alisema. Halafu akanipokea kikapu changu, ambacho hakikuwa na kitu ndani, akakibeba yeye. Mpaka leo nakumbuka kikapu kile kitupu.

Tulipita njia ya nyuma, katikati ya migomba. Karugendo, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa akipalilia kahawa yake. Kazi yake ilikuwa kujua kila mgeni anayeingia. Alituona wazi kabisa. Akainama, akaendelea kung'oa majani, akasema kama anayeongea na jembe, "Mimi leo macho yananiuma, sioni watu."

Bibi alisikia hatua zetu kabla hatujafika mlangoni. "Huyo mwenye kiatu kizito ni nani?"

Lukmani alivua viatu, akapiga magoti kwenye nyasi tunazotandika sakafuni siku zote. "Kampire waitu, Bibi."

"Kihaya hiki umejifunza kwa wauza samaki?" Bibi akacheka. "Njoo hapa nikushike uso." Akampapasa paji na mashavu, akashuka hadi kwenye mikono. "Mikono ya kazi. Ina makovu. Mgeni, tafuna kahawa." Akamsogezea kikapu chake kidogo cha kahawa za kutafuna.

Lukmani akachukua mbili, kisha akatoa mfukoni furushi la gazeti, akaliweka mapajani mwa Bibi. Sukari. Robo nzima. Bibi aliinusa, akaifumba kwa mikono yote miwili.

Mimi nilikuwa mlangoni, shingo imegeukia njia.

Lukmani alitandaza gunia, akafungua skrubu za sanduku, akainua mtambo. Nilimsikia akivuta pumzi. "Klaudia. Njoo uone."

Ndani hakukuwa na chuma cha kuonekana. Kulikuwa na kitu cha manjano, kikavu, kimeganda kwenye kila jino la kila gurudumu, na ndani yake sisimizi waliokufa, mamia. Harufu ya samli ya zamani ilijaa chumba.

"Nani alipaka hii?"

"Tata. Kila Ijumaa ya kwanza, tangu mimi mdogo. Alisema ni kitu cha heshima, hakipakwi mafuta ya baiskeli. Anapaka samli safi ya ng'ombe." Niliinama juu ya mtambo. "Ndiyo iliyoiua?"

"Tusiseme hivyo," alisema.

Akaniomba moto. Akaosha magurudumu kwa chupa ya mafuta ya taa aliyokuja nayo, mafuta ambayo mama yake angeyapikia wiki nzima. Akatoa kopo la chuma lenye springi, akaifungua nje ya mlango kwa uangalifu mwingi, amegeuza uso, na mkanda ule wa chuma ukaruka ukajikunjua uwanjani kwa kishindo, mrefu kuliko vitanda viwili. Ncha yake ilikuwa imechanika tunduni. Akaichoma kwenye makaa ya mafiga yetu mpaka ikawa nyekundu, akaiacha ipoe, akatoboa tundu jipya. Alifanya kila kitu polepole. Nilitaka kumpigia kelele aharakishe.

"Hofu yako inanifanya mikono iteleze," alisema bila kuinua kichwa.

"Na wewe huogopi?"

"Mimi? Tangu Kemondo naogopa. Nimepita nikasema nitashuka, nirudi. Muhutwe pia nilisema hivyo. Ila naogopa nikiwa nimekaa. Wewe unaogopa umesimama, ndiyo maana unachoka."

Nikakaa. Na alipofika kwenye kuirudisha springi ndani ya kopo, alisema hawezi peke yake. "Shika hapa, vidole nje ya ukingo. Mimi naingiza, wewe unazuia. Mzunguko kwa mzunguko. Tukishaanza hatuachii, hata nyumba ikiwaka."

Tulianza. Chuma kilikuwa baridi na kinapigana. Uso wake ulikuwa karibu sana na wangu, kuliko ulivyowahi kuwa, na sikuweza kufurahi, maana kila jani la mgomba lililochanika kwa upepo lilikuwa kwangu hatua za Tata. Mizunguko mitano. Sita. Dole gumba langu likachubuka, damu ikatoka kidogo. Nane.

Ndipo Karugendo akakohoa.

Alikohoa huko kwenye kahawa yake, kwa nguvu, mara tatu, kama mtu anayekufa. Kisha tukamsikia akisema kwa sauti kubwa, "Mzee Mutembei! Umerudi mapema! Hebu simama kwanza nikusalimie!"

"Mama yangu," nikasema. "Toka. Kimbia kwa nyuma."

"Siwezi."

"Lukmani!"

"Nikiachia itakukata mikono. Usiangalie mlango. Niangalie mimi. Usiachie."

Mwanga wa mlangoni ukazibwa. Sikuweza kuinuka, sikuweza kupiga magoti kumpokea baba yangu mzigo, jambo ambalo sikuwahi kulikosa tangu nilipojua kutembea. Niliinamisha kichwa tu.

"Tata, siwezi kuinuka."

Niliona miguu yake ikija juu ya nyasi. Fimbo yake iliegemezwa ukutani. Kitu kikawekwa chini: kibuyu, kimejaa. Alisimama juu yetu muda mrefu. Damu yangu ilikuwa ikidondoka kwenye gunia, tone moja, tone jingine.

"Anatoka damu," Tata alisema. Hakuwa akisema nami.

"Ndiyo, mzee," Lukmani akajibu. "Naomba umpokee. Peke yangu siwezi kuizuia."

Tata alipiga goti. Mikono yake mikubwa ikaja juu ya yangu, ikashika, na mimi nikavuta vidole vyangu nikarudi nyuma mpaka ukutani, karibu na Bibi. Bibi alinishika kifundo cha mguu.

"Nikiachia kitatokea nini?" Tata aliuliza.

"Itaruka, mzee. Upande wako ni salama. Itanipiga mimi, usoni."

"Kwa hiyo unaniambia nikikuchoka nifungue mikono tu."

"Ndiyo, mzee."

"Mutembei!" Bibi akasema.

"Mama, niache. Nazungumza na mgeni wako." Hakuondoa macho kwa Lukmani. "Siku ile uliyokuja hapa, sakafuni palikuwa na nini?"

"Nyasi, mzee."

"Na juu ya nyasi?"

"Dada zako."

"Na ukaniuliza nini?"

Jasho lilikuwa likitiririka puani mwa Lukmani na hakuweza kulifuta. "Nilikuuliza kama unauza gramafoni."

"Mke wangu ana siku nne kaburini. Ulikuwa na akili gani?"

"Kwetu siku ya tatu matanga yanaanuliwa, mzee. Nikahesabu, nikaona nimengoja vya kutosha. Sikuuliza mtu yeyote wa huku. Ningeuliza hata mtoto angeniambia. Nilikosa. Na nilipojua kosa langu niliona aibu kurudi, nikaacha mwaka mzima upite. Hilo ni kosa la pili. Naomba radhi kwa yote mawili."

"Unaomba radhi sasa hivi kwa kuwa uso wako uko mikononi mwangu."

"Ningeomba hata ungekuwa umekaa kwenye kiti, mzee. Ila usingenisikiliza."

Nilifumba macho. Nilingoja kishindo.

"Na binti yangu ulimpatia wapi?"

"Kemondo, bandarini. Nilikuwa napakua masanduku melini. Alinifuata akanitukana mbele ya wabeba mizigo."

"Alisema nini?"

"Alisema nina roho ya fisi. Na kwamba hata fisi anangoja watu waondoke."

Pua ya Tata ikatoa mlio mfupi. Kama ni kicheko au hasira, sikuweza kujua. "Zungusha," akasema. "Mikono inachoka."

Wakazungusha. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Vichwa vyao vilikuwa vimekaribiana, mvi na nywele nyeusi. Ncha ikanasa tunduni, Lukmani akabandika kifuniko, wote wawili wakakaa nyuma wakihema kama waliotoka shimoni.

Tata akatazama mtambo uliooshwa, unang'aa. Kisha akatazama bakuli la mafuta ya taa machafu, mabonge ya manjano yakielea na sisimizi wao.

"Hiyo ni nini?"

Hili niliogopa kuliko yote. Tata aliipaka samli ile kwa mikono yake miaka kumi na mitano, kwa upendo wote aliokuwa nao, na kila alipoipaka aliizidishia ugonjwa. Aliipaka hata ilipokwisha kunyamaza.

"Ni samli, mzee," Lukmani alisema.

"Ndiyo iliyoiua?"

Lukmani alifuta mikono polepole. "Nina mashine kumi na moja Bukoba. Nane nilizikuta zimeliwa na kutu kwa unyevu wa ziwa, chuma kinamong'onyoka mkononi. Hii haina kutu hata doa moja. Samli imekilinda chuma. Ila samli inazeeka kama sisi, inakuwa ngumu, na springi ikavuta kwa nguvu mpaka ikachanika ncha. Ilihitaji mtu wa kuitoa iliyozeeka, basi. Chuma ulikilinda wewe."

Tata aliinua kibuyu chenye samli mpya, akakiweka mapajani. Aliongea akikitazama.

"Usiku nilimwota mama yako, Klaudia. Nikaamka, nikafungua sanduku, nikakuta halina kichwa. Nikasema, ameuza. Ameuza kwa yule mtu. Nimefika njia panda nikamkuta Byabato kaniletea samli yeye mwenyewe, safari ikawa haipo tena. Ningerudi saa mbili asubuhi. Nimekaa baraza la duka la ushirika na kibuyu hiki, nikiogopa kuja kukuuliza. Nikaliona basi. Nikamwona huyu anashuka. Nikasema, amekuja kuchukua na sanduku." Akakigeuza kibuyu. "Nimekaa tena. Mguu ulikataa."

Sikuwahi kujua kwamba Tata anaogopa. Nilimtaka radhi nikilia, naye akatikisa kichwa kuonyesha niache, si wakati wake.

Lukmani alifunga kichwa. Sindano za chuma hazikuwepo dukani tangu mwaka uliopita. "Mwiba wa mlimau," Bibi akasema kutoka pembeni. "Celina alichonga mwiba." Nikaenda nikavunja, Lukmani akauchonga, akasema mwiba ni mpole kwa santuri kuliko chuma. Akamtazama Tata kumwomba ruhusa. Tata mwenyewe akazungusha hendeli. Haikuteleza.

Sauti ilitoka kwanza kama mvua ya mbali, kisha kinanda, kisha yule mwanamke anayeimba kwenye santuri. Mama enzi zake alikuwa akiimba pamoja naye, daima nyuma kidogo, na mimi masikio yangu yalimngojea mahali pake. Bibi alisogeza miguu yake miwili kwenye nyasi, ikienda na wimbo, na machozi yanashuka bila yeye kuyafuta.

Santuri haikuwa imefika katikati Tata alipoinuka. Akaenda ukutani, akachukua panga, akatoka.

Lukmani alinitazama. Wimbo uliendelea. Huko nje tulisikia panga likikata, mara moja, mara mbili, na kitu kizito kikaanguka.

"Kusanya vyombo," nikamnong'oneza. "Pita nyuma, nitakuja kukupa viatu."

"Siondoki bila kuaga, Klaudia."

Alifunga mfuko wake, akamwinamia Bibi, akatoka mlango wa mbele. Mimi nyuma yake, mikono kifuani. Tata alikuwa amesimama mwanzo wa njia, panga mkononi. Miguuni pake ulilala mkungu wa ndizi, mkubwa kuliko wote uliokuwa shambani, ule aliokuwa akiuwekea Krismasi.

"Mama yako anapika ndizi?" akauliza.

"Anapika, mzee."

"Asiweke nazi."

Akaubeba mkungu begani mwake mwenyewe, akatangulia kumsindikiza. Niliwafuata kwa mbali, nikijificha nyuma ya migomba kama mwizi, maana Tata alikuwa bado hajaniambia kitu, na mtu anaweza kumpa mgeni ndizi ili asirudi tena. Walitembea, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka barabarani. Basi lilikuwa limekwisha kuonekana mlimani, vumbi nyuma yake.

"Springi hiyo itashika mpaka lini?" nilimsikia Tata akiuliza.

"Mwaka, mzee. Labda miwili."

"Na samli nisipake."

"Hapana, mzee. Grisi."

Tata akashusha mkungu. Akakitazama kiganja chake, ambacho bado kilikuwa na alama nyekundu ya kopo. "Ijumaa ya kwanza nikitoka misa, mimi hupaka samli. Miaka kumi na mitano. Sasa siku hiyo nitafanya nini?"

Basi likasimama. Konda akapakia mkungu. Lukmani alibaki na mguu mmoja kwenye ngazi, hajui apande au ashuke.

"Naweza kukuletea grisi, mzee," alisema. "Ukiruhusu. Ila Ijumaa mchana naswali."

Nilishika mgomba kwa mikono miwili.

"Swali kwanza, halafu uje," Tata akasema. "Na usije peke yako. Njoo na yule mzee wa kwenu uliyemtuma, nitawangoja."